Kwani dunia nayo ina tarehe ya kuisha? Kompyuta imekataa hesabu yangu

fundi_wa_dunga · Ijumaa, saa 2:14 usiku

Wadau, habari za jioni. Niko Kisumu, kazi yangu ni kutengeneza simu na kompyuta, lakini usiku nikishafunga kibanda huwa naangalia nyota. Juzi nilitaka kukokotoa ni lini kile kituo cha anga cha kimataifa (ISS) kitapita mbele ya mwezi kikitazamwa kutoka ufuoni Dunga, nikipige picha. Nina kompyuta ya zamani niliyoiwekea Python, lugha ya kuandikia programu, pamoja na Astropy, programu ya kukokotoa mambo ya nyota. Bando lilikuwa limeisha, nikasema haidhuru, hesabu ni hesabu, haihitaji intaneti.

Programu ikagoma. Ikaniambia jedwali lake la mzunguko wa dunia limepitisha siku 30, haliamini tena, nikapakue jipya.

Nilicheka kwanza. Maziwa ya pakiti yana tarehe ya kuisha, sawa. Bima ya bodaboda, sawa. Dunia je? Tangu shule ya msingi naambiwa inajizungusha mara moja kwa saa 24, basi. Sasa ni nani huyo aliyekaa mahali anatoa ratiba mpya ya dunia, na ya mwezi jana imechacha kwa nini?

Mwenye kujua anifungue macho. Matusi sitaki.

kondele_moja · saa 2:20 usiku

Nimeweka kiti mbele. Mimi nilijua tokeni za stima tu ndizo zinazoisha.

mzee_wa_bikoni · saa 2:51 usiku

Kijana, hiyo programu haikutanii. Mimi ni mpima ardhi hapa Nakuru, nimezika bikoni kuanzia Njoro hadi Busia, na hili jambo lilinisumbua hata mimi siku ya kwanza nilipolikuta.

Dunia haizunguki kama saa ya ukutani. Inazunguka kama pia ya mtoto iliyochongwa na fundi mwenye haraka, tena pia yenye maji yanayochezacheza juu yake, na upepo juu ya maji. Siku haina sekunde 86,400 kamili. Inazidi au inapungua kwa milisekunde moja hivi, wakati mwingine mbili. Huwezi kuhisi, ila zinajumlika, na baada ya miezi dunia inakuwa imetangulia saa za atomu au imebaki nyuma. Saa ya dunia wenyewe wanaiita UT1. Ile iliyo kwenye simu yako inatoka kwa UTC, ya atomu. Tofauti ya hizo mbili ndiyo namba kubwa katika jedwali lako.

Namba mbili nyingine zinasema ncha ya kaskazini iko wapi leo. Ndiyo, inatembea. Mhimili hautoboi ganda la dunia mahali pamoja siku zote, unachora mduara wa mita kadhaa unaopanuka na kusinyaa. Zimebaki mbili, ambazo ni marekebisho madogo ya upande ambao mhimili wenyewe unaelekea kati ya nyota. Jumla tano.

Wanaozitoa ni IERS, shirika la kimataifa lililoundwa 1987. Kila Alhamisi wanatoa karatasi iitwayo Bulletin A, inayotayarishwa US Naval Observatory kule Marekani. Ina vipimo vya siku zilizopita, halafu ina UTABIRI wa mwaka mzima mbele. Sehemu hiyo ya utabiri ndiyo imechacha kwako. Ngoja nile, nitarudi.

kondele_moja · saa 2:55 usiku

Utabiri kama ule wa mvua? Tumekwisha. Wakisema jua nafua nguo, saa nane naanua zimelowa.

mzee_wa_bikoni · saa 3:26 usiku

@kondele_moja umecheka lakini umegusa penyewe. Sehemu kubwa ya kosa katika utabiri huu ni utabiri wa upepo.

Hewa na ardhi zina akaunti moja ya mzunguko. Jumla haipotei, isipokuwa kile kidogo ambacho mwezi unakata. Fikiria una laini mbili za M-Pesa, yako na ya mama watoto. Ukimtumia mia tano, kwako zinapungua, kwake zinaongezeka, nyumbani jumla ni ileile. Upepo wa kuelekea mashariki ukipata nguvu, hewa imetumiwa mzunguko na ardhi imetoa. Ardhi inapunguza mwendo, siku inarefuka.

kondele_moja · saa 3:28 usiku

Umesahau ada ya kutuma.

nyar_kano · saa 3:40 usiku

Samahani mzee wangu, mfano wa pesa haujaniingia. Hewa ni hewa. Inawezaje kusukuma dunia nzima?

nyar_kano · saa 3:52 usiku

Ngoja, nimeelewa mwenyewe, sahihisha nikikosea. Baba alikuwa mvuvi. Tukiwa kwenye mtumbwi uliosimama majini, nikitoka nyuma kwenda mbele, mtumbwi unarudi nyuma kidogo. Alikuwa akinifokea, "Kaa chini, unatuondoa kwenye nyavu!" Sasa mimi ndiye hewa, mtumbwi ni dunia. Nikikimbia kuelekea mashariki, mtumbwi unapungukiwa na mwendo wake wa mashariki. Mimi mwepesi, mtumbwi mzito, kwa hiyo unasogea kidogo tu. Ila unasogea.

mzee_wa_bikoni · saa 3:58 usiku

Binti, hapo umenishinda. Kuanzia leo natumia huo mtumbwi.

Na waliokuwa watu wazima 1997 watakumbuka El Niño, barabara zilivyokatika na madaraja yakabebwa. Mwaka wa El Niño kubwa, pepo za kuelekea mashariki katika anga la juu hupata nguvu, na siku ya dunia hurefuka kwa karibu milisekunde nzima. Ilionekana wazi 1982 na 1983, ikaonekana tena mwisho wa 2015 kuingia 2016. Yaani mvua iliyoloweka nguo za kondele na urefu wa siku vinatoka jikoni moja.

kijana_wa_njoro · Jumamosi, saa 1:05 asubuhi

Kwenye kundi la WhatsApp la familia mwaka 2025 ilizunguka habari kwamba dunia imeongeza kasi na wanasayansi wamepanga tarehe. Shangazi akaanza kusema ni dalili za mwisho. Ilikuwa kweli au uzushi?

mwl_maseno · saa 2:30 asubuhi

Nafundisha fizikia huku Maseno, na swali hilo niliulizwa na kidato cha tatu wote kwa pamoja, kwa hiyo jibu ninalo tayari.

Ilikuwa kweli, chumvi ikazidi. Miaka hii dunia ina mwendo wa kasi kidogo kuliko miaka ya 1970. Tarehe 29 Juni 2022 siku ilipungua sekunde 86,400 kwa milisekunde 1.59. Tarehe 5 Julai 2024 ilipungua kwa 1.66, na hiyo ndiyo iliyokuwa siku fupi kuliko zote tangu tuanze kupima kwa saa za atomu. Kwa 2025 wakatajwa wagombea watatu: 9 Julai, 22 Julai na 5 Agosti. Hiyo ya Agosti ilitabiriwa kupungua kwa 1.51.

Jiulizeni, kwa nini tarehe tatu zilizoachana kwa wiki mbili mbili? Ni mwezi. Mwezi ukiwa juu ya ikweta, unavuta maji na hata mwamba upande wa kiunoni, dunia inanenepa kiuno kwa kiasi kidogo sana na inapunguza mwendo. Ukienda mbali na ikweta, kaskazini au kusini, kiuno kinarudi ndani na dunia inachangamka. Hilo linajirudia kila siku 14 hivi, na kwa sababu njia ya mwezi inajulikana, sehemu hiyo ya utabiri unaweza kuiandika miaka mingi kabla. Ni kalenda. Isitoshe Julai na Agosti upepo wa msimu huwa umepungua, siku zinakuwa fupi kila mwaka. Weka hayo mawili pamoja, unapata tarehe za wagombea.

Kilichobaki ni hali ya upepo wiki hiyo yenyewe, na hapo kalenda haisaidii. Mwaka ulipita bila rekodi ya 2024 kuvunjwa. Shangazi yako mwambie hivi: tarehe walipatia kwa sababu ya mwezi, kiasi wakakosea kwa sababu ya upepo.

fundi_wa_dunga · saa 2:48 asubuhi

Mwalimu, hapo nimeshika. Lakini nauliza kama mtu wa vipuri: unatabirije kitu kisicho na kalenda? Hawa wa Bulletin A wanafanya nini hasa?

mzee_wa_bikoni · saa 4:10 asubuhi

Wanachuja. Kwanza wanaondoa mwezi na jua, maana hizo zinajulikana. Katika mabaki wanatafuta mapigo, yaani la mwaka, la nusu mwaka, na kwa upande wa ncha kuna pigo la siku kama 435. Hayo wanayanyoosha mbele kama unavyonyoosha mstari kwenye ramani. Yanabaki makapi yasiyo na mpigo, na hayo wanayafuata kwa tabia: kama siku tano zilizopita yalikuwa yanapanda, kesho huenda yakapanda kidogo tena. Mwisho wanachukua utabiri wa upepo kutoka vituo vikubwa vya hali ya hewa na kuuingiza kwa siku chache za mbele. Baada ya hapo utabiri wa upepo nao unakuwa ramli.

Ukitaka kujua wanakosea kiasi gani, wameandika wenyewe ndani ya karatasi, hawafichi. Utabiri wa siku 10 wa UT1 una kosa la kukadiria la milisekunde 1.4, wa siku 40 ni milisekunde 4. Ncha ya dunia, siku 10 ni sekunde ya pembe 0.004 (sekunde hiyo si ya saa, ni digrii moja ikigawanywa mara 3,600), siku 40 ni 0.013.

Nizitafsiri kwa lugha ya shamba. Kwenye ikweta ardhi inakwenda mashariki kwa mita 465 kila sekunde, kwa hiyo milisekunde moja ni sentimita 46. Kosa la siku 10 ni sentimita 65, la siku 40 linakaribia mita 2. Kwa ncha ni sentimita 12 na sentimita 40. Kwa hiyo programu yako ilipokataa jedwali lililopita siku 30, ilikuwa inakuambia: kufika hapa sijui tena Dunga iko wapi kati ya nyota, kwa mita moja na nusu hivi.

Vikundi vya nchi mbalimbali vimewahi kushindanishwa, mara ya kwanza 2005 hadi 2008, mara ya pili 2021 hadi 2022, hiyo ya pili ikisimamiwa kutoka Warszawa, Poland. Ya kwanza ilionyesha hakuna njia moja inayoshinda kote. Inayoshinda kwa kesho inashindwa kwa mwezi ujao.

kondele_moja · saa 4:15 asubuhi

Hilo la siku 435 limetoka wapi? Mwaka una 365.

mwl_maseno · saa 5:02 asubuhi

Hicho ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, alipiga hesabu kwamba dunia kama jiwe gumu ingeyumba kwa mpigo wa siku 305. Wanafalaki wakubwa wakatafuta siku 305 kwa zaidi ya miaka mia, wasione kitu. Mwaka 1891 Mmarekani aitwaye Seth Carlo Chandler akatangaza ameliona yumbo lenyewe, na ni la miezi 14 hivi. Chandler alikuwa mtu wa hesabu za bima, nyota alikuwa akizitazama kwa mapenzi. Wengine walimkatalia kwa sababu namba yake haikulingana na ya Euler. Kumbe dunia si jiwe gumu, inapinda, na ina bahari, ndiyo maana inayumba polepole zaidi. @fundi_wa_dunga, umesikia? Mtu wa bima.

Tena yumbo hilo halina adabu. Baada ya 2015 lilififia hadi likakaribia kupotea, kisha likaanza kurudi. Ukiwa umejenga utabiri wako juu yake, hapo unakaa chini unajishika kichwa.

nyar_kano · saa 5:20 asubuhi

Mwalimu, kama ncha inahama, basi na ule mstari wa ikweta hapo kwenu Maseno unahama? Tulipiga picha pale mguu mmoja kaskazini mmoja kusini. Huenda miguu yote ilikuwa upande mmoja!

mwl_maseno · saa 5:31 asubuhi

Ikweta halisi ya siku hiyo, ndiyo, inacheza kwa mita kadhaa kaskazini na kusini pamoja na ncha. Lakini kibao hakikuwekwa kwa kufuata ncha ya siku, kimewekwa kwa ramani.

mzee_wa_bikoni · saa 5:44 asubuhi

Na ramani zina mambo yake. Ramani za zamani za Kenya ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, na kati ya mfumo huo na ule wa GPS kuna tofauti ya kama mita 300 kaskazini-kusini hapa kwetu. Nimesuluhisha ugomvi wa mipaka uliosababishwa na hiyo tu: mmoja amekuja na simu, mwingine na ramani ya babu. Kwa hiyo mkiwa kwenye kibao chochote cha ikweta na simu haisomi sifuri, msiisingizie ncha ya dunia. Ncha ina mita chache tu katika kesi hiyo.

kijana_wa_njoro · saa 6:10 mchana

Ziwa Nakuru limepanda miaka hii hadi likameza lango la zamani la mbuga. Naivasha na Baringo vilevile. Maji yote hayo hayajahamisha ncha?

mwl_maseno · saa 7:25 mchana

Swali zuri sana, na jibu litakushangaza. Ukihamisha uzito karibu na ikweta, ncha haijali. Ukihamisha uzito nchani penyewe, nayo haijali. Inayoisogeza sana ni mizigo ya katikati, kwenye latitudo 45 hivi. Chukua ile pia ya mtoto, uibandike gundi kiunoni kabisa: itabadilika mwendo lakini haitainama. Ibandike begani, inainama. Sisi wa Nakuru na Kisumu tuko kiunoni.

Kuna utafiti wa 2023 uliokadiria kwamba maji ya visima yaliyovutwa duniani kati ya 1993 na 2010, kama tani bilioni 2,150, yaliisogeza ncha karibu sentimita 80. Mchango mkubwa ulitoka magharibi mwa Amerika Kaskazini na kaskazini magharibi mwa India. Hao wako begani.

kondele_moja · saa 7:30 mchana

Kwa hiyo hata kwa kuharibu dunia, watu wa ikweta hatuna kura. Sawa.

abiria_wa_usiku · saa 9:02 alasiri

Nimesoma uzi wote kwenye matatu. Swali: GPS inajua nilipo hadi mita chache. Si ipime yenyewe mzunguko wa dunia, karatasi ya Alhamisi ya nini?

mzee_wa_bikoni · saa 9:40 alasiri

Hapohapo ulipo kwenye matatu. Umewahi kukaa steji, matatu ya pembeni ikaanza kutoka, ukadhani ni yenu inayorudi nyuma? Huwezi kujua ipi inatembea mpaka utazame mti au jengo. Setelaiti za GPS ni ile matatu ya pembeni. Dunia ikijigeuza kidogo na njia za setelaiti zikijigeuza kiasi kilekile, vipimo havibadiliki. GPS inapima vizuri sana ncha iko wapi, na inapima siku moja ilikuwa na urefu gani, lakini pembe yenyewe ya UT1 inaipoteza taratibu.

Mti wa kutazama ni kwasa, vitu vinavyong'aa kwa redio kutoka mbali mno, mabilioni ya miaka ya mwanga, hata havionekani kusogea. Masahani mawili ya antena yaliyoachana bara na bara, mfano Wettzell kule Ujerumani na Kokee kule Hawaii, yanasikiliza kwasa zilezile kwa muda wa saa moja, na tofauti ya wakati wa kufika mawimbi inatoa pembe ya dunia. Kazi hiyo inafanywa karibu kila siku. Afrika sahani la siku nyingi katika kazi hiyo ni Hartebeesthoek, Afrika Kusini.

Nasi tunalo moja limekaa, la mita 32, kituo cha setelaiti cha Longonot, ndani ya kaunti yetu hii ya Nakuru. Limetajwa miaka mingi kuwa linaweza kugeuzwa darubini ya redio, kama Ghana walivyogeuza lao la Kuntunse mwaka 2017. Kila nikishuka Mai Mahiu huwa nalitafuta kwa macho. Acha nisiseme zaidi, nitaharibu siku yangu.

Na faida? Njia za setelaiti zinakokotolewa kati ya nyota, shamba lako liko udongoni. Daraja ni hizo namba tano. Kule juu zilipo setelaiti za GPS, milisekunde moja ya kosa ni mita 2. Sisi wapima tunapokea chakula kimeshaiva, hesabu imefanywa kabla. Ila anayepeleka chombo Mirihi anapika mwenyewe: akikosea sehemu moja ya kumi ya milisekunde, kwa umbali wa kilomita milioni 200 amekosea karibu kilomita moja na nusu. Na yeye anahitaji namba ya leo, na ya kesho. Kipimo sahihi kinakuja baada ya siku, chombo hakingoji. Ndiyo sababu kuna utabiri.

abiria_wa_usiku · saa 9:55 alasiri

Mfano wa matatu umeniua. Niko steji ya Kisumu sasa hivi na imetokea.

mama_wa_bondo · saa 11:15 jioni

Mimi si mtu wa hesabu, lakini nalima, naamka mapema. Jua halichomozi wakati mmoja mwaka mzima. Februari saa kumi na mbili na nusu bado giza, Novemba muda huohuo kumepambazuka kabisa. Hiyo nayo ni dunia kubadilisha kasi?

mwl_maseno · saa 11:40 jioni

Hapana mama, na asante kwa kuona, wengi hawaoni. Unachokiona ni karibu nusu saa, kikubwa mara milioni kuliko tunachozungumza hapa. Kinatokana na njia ya dunia kulizunguka jua, ambayo si duara kamili, na mhimili ulioinama. Hujirudia kila mwaka bila utata, hakihitaji karatasi ya Alhamisi.

mzee_wa_bikoni · Jumapili, saa 3:00 asubuhi

Kwa kuwa mama ametaja jua, niseme linaloniudhi. Tangu 1972 tofauti ya dunia na saa za atomu ikikaribia kuzidi, inaongezwa sekunde moja kwenye saa za dunia nzima. Zimeongezwa 27, tisa kati yake kabla ya 1980, ya mwisho 31 Desemba 2016. Novemba 2022 wakubwa wa vipimo walikutana Versailles, Ufaransa, wakakubaliana kwamba kufikia 2035 utaratibu huu uachwe, tofauti iruhusiwe kukua. Yaani saa iachane na jua. Sisi Waswahili ambao saa moja yetu ni ya asubuhi kwa sababu jua ndilo limetoka, tunaambiwa tukae kimya?

mwl_maseno · saa 4:20 asubuhi

Mzee wangu, kwa heshima zote, napinga. Saa yetu iliachana na jua zamani. Saa ya Afrika Mashariki ni ya mstari wa digrii 45 mashariki, ambao haugusi hata Mandera. Kisumu jua linafika katikati ya mbingu, kwa wastani, saa sita na dakika 41. Dakika 41 hukuzilalamikia, unalilia sekunde?

Tena sekunde hizo zina gharama. Ile ya 30 Juni 2012 iliangusha kompyuta sehemu nyingi, mtandao wa Reddit ukiwemo. Na hizo zilikuwa za kuongeza, ambazo mafundi wana mazoea nazo. Dunia ikiendelea na kasi hii, huenda ikahitajika sekunde ya KUPUNGUZA, ambayo haijawahi kujaribiwa hata mara moja. Mwanasayansi Duncan Agnew aliandika katika jarida la Nature mwaka 2024 kwamba ingehitajika kufikia 2026, ila kuyeyuka kwa barafu za Greenland na Antaktika kumepeleka maji kuelekea ikweta, kiuno kimenenepa, dunia ikapunguzwa mwendo, na sasa ni 2029 hivi. Barafu imetununulia miaka mitatu.

mzee_wa_bikoni · saa 4:31 asubuhi

Dakika 41 nilizikuta. Sekunde wanazitoa nikiwa hai.

Na hiyo 2029 nayo ni utabiri. Anayeharakisha dunia sasa hivi ni kiini cha chini huko, chuma kilichoyeyuka, ambacho kinabadilishana mzunguko na tabaka lililo juu yake kwa miaka kumi kumi, na hakuna anayekipigia simu. Kikibadili nia mwakani, karatasi zote zinaandikwa upya.

mwl_maseno · saa 4:35 asubuhi

Hilo la kiini sikubishii.

fundi_wa_dunga · saa 1:48 usiku

Narudi na ripoti. Nimenunua bando, nimepakua jedwali jipya, nikapiga hesabu mara mbili, kwa jedwali lililochacha (nililazimisha programu ikubali) na kwa jipya. Tofauti ya UT1 imetoka milisekunde 3 na kidogo. Mzee alisema kweli tupu. Kwa Dunga ni mita moja na nusu.

Halafu ndipo nikaona aibu. ISS ikipita mbele ya mwezi, ukanda wa ardhi unaoona ni wa kilomita kadhaa. Mita moja na nusu ingenisaidia nini?

mzee_wa_bikoni · saa 2:05 usiku

Nilikuwa nangoja ufike hapo mwenyewe. Jedwali la dunia lina makosa ya mita. Sasa tazama faili ya njia ya ISS uliyotumia, ile ya mistari miwili. Ina siku ngapi?

fundi_wa_dunga · saa 2:09 usiku

...siku 9.

mzee_wa_bikoni · saa 2:11 usiku

ISS iko chini, inakwaruzwa na hewa, na wakati mwingine wanaisukuma juu kwa injini. Faili ya siku 9 inaweza kukosea kilomita nyingi tu. Na hiyo programu haikukupigia kelele hata kidogo, au sivyo?

fundi_wa_dunga · saa 2:13 usiku

Haikusema neno. Ngoja.

fundi_wa_dunga · saa 2:34 usiku

Nimeweka mpya. Ukanda umehama, hauko Dunga tena, unapita Ahero. Ni kesho, saa 2:52 usiku. @nyar_kano, huko kwenu kuna mahali pa wazi pa kusimamisha tripodi?

nyar_kano · saa 2:41 usiku

Nyuma ya nyumba ya mama kuna uwanja wa kuanika mpunga, hauna mti hata mmoja. Njoo kabla ya saa moja, njia ya kuingia ina maji na gizani hutaiona. Na upakue hiyo faili tena kesho mchana kabla ya kutoka.

kondele_moja · saa 2:43 usiku

Mimi naleta viazi.